Siku Mwalimu Osmund Alipompeleka Mama Mlimani

Wapendwa, masomo tumeyasikia wote, na mahubiri marefu najua hamyapendi. Basi niwape habari ya mtu mmoja tu, halafu mtaniambia wenyewe kama ni ya kwake peke yake.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mkuu wa shule ya sekondari huko Morogoro. Jina lake si hoja, lakini nikimwita "bwana mmoja" tangu mwanzo hadi mwisho mtachoka, kwa hiyo tumwite Osmund. Mtu mzuri. Halewi, hagombani na majirani, wadogo zake wote amewasomesha yeye. Ila alikuwa na jambo moja: hakuweza kuvumilia kucheleweshwa. Mwalimu akiingia kikaoni wakati kikao kimeshaanza, mishipa ya shingo ilimsimama Osmund kama kamba. Akisubiri chai ikachelewa, alikwenda mwenyewe jikoni kuitazama ikichemka. Yeye hakuiona kuwa kasoro. Aliiita nidhamu.

Desemba moja, shule zilipofungwa, akamchukua mkewe Gaudensia na watoto wao wawili, Yustina aliyekuwa kidato cha pili na Alanus aliyekuwa hajaanza shule, wakaenda likizo Umatengo, kule milimani kusini, kwa mama yake mzazi. Mama Teofrida alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya tofali iliyozungukwa na mibuni. Jioni ya kwanza tu, wakiwa wanakula, mama akasema, "Osmund, kabla hujarudi kwako, nipeleke kwa mjomba wako."

Mjomba huyo alikuwa mtawa, Bruda Severini, mdogo wake Mama Teofrida wa tumbo moja. Aliishi kwenye monasteri iliyoko juu ya mlima, upande wa pili wa wilaya. Osmund alikuwa hajawahi kumwona. Tangu utoto, kila alipouliza habari zake aliambiwa, "Mjomba wako yuko kwenye kazi za Mungu," na mazungumzo yakaishia hapo.

"Tutakwenda, mama," akasema. Na akafurahi kweli, maana alishasikia sifa za mahali penyewe. Alisikia kuna kanisa la mawe, ng'ombe wa maziwa, bustani za matunda, na baridi tamu hata adhuhuri. Akaona ni matembezi mazuri ya familia. Akapanga kila kitu kichwani. Waondoke alfajiri, wafike asubuhi, waone, wale, wateremke kabla ya mvua. Desemba mvua ya milimani hupenda kushuka mchana, na barabara ile ni udongo mwekundu. Ikinyesha, unakuwa unaendesha juu ya sabuni.

Siku ikafika. Jua halijachomoza, Osmund ameshafuta vioo, ameshapasha gari moto, ameshika usukani. Gaudensia yuko ndani. Yustina yuko ndani na simu yake. Alanus yuko ndani, viatu kavivaa kinyume, lakini yuko ndani. Mama hayupo.

"Mama yuko wapi?"

"Anabadilisha gauni," akajibu Gaudensia.

"Si alikuwa ameshavaa?"

"Amelivua. Anasema linang'aa mno."

Mama akatoka na gauni la bluu. Akajitazama. Akarudi ndani. Akatoka na kitenge. Akafika hadi mlango wa gari, akakumbuka rozari, akarudi. Alipotoka mara hii alikuwa amebeba debe la maharage, na nyuma yake jirani ameshika mkungu wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama," akasema Osmund taratibu, kama anavyozungumza mtu anayejizuia, "huyu jogoo anakwenda wapi?"

"Kwa mjomba wako."

"Mama, kule ni monasteri. Wana mabanda ya kuku makubwa kama madarasa. Wanalima, wanafuga, mpaka wanauza. Wewe unawapelekea jogoo mmoja?"

"Siwapelekei wao," akasema mama. "Nampelekea Severini."

Utamjibu nini mama yako hapo? Jogoo akaingia garini.

Sasa niambieni, ninyi mnaoendesha magari. Jua limeshapanda, ulisema alfajiri. Kona ya tatu mtoto anasema tumbo linamzunguka, na kabla hujasimama ameshatapika kwenye kiti ulichokiosha jana. Mnashuka, mnafuta, mnapanda. Jogoo anafungua kamba, hakuna ajuaye kafunguaje, anaruka anatua begani kwa binti yako, binti anapiga kelele kana kwamba ameona chui. Mnashuka tena, mnamkamata jogoo. Mnapanda. Binti anasema, "Baba, simama kidogo, hapa pana mandhari nipige picha." Hasira ingewapanda au isingewapanda? Msijitie utakatifu hapa. Ingewapanda! Na Osmund ilimpanda.

Wakafika njia panda, siku ya mnada. Mama akasema, "Simama, nimemwona mama Erasmo." Osmund akasimama. Unajua salamu za wazee wa kule. Anaulizwa habari za nyumbani, habari za watoto, habari za kahawa, habari za mguu uliokuwa unauma mwaka juzi. Osmund akatazama saa. Akafungua mlango, akaufunga. Akajikohoza. Mama hajageuka hata shingo. Mwishowe akashuka, akamshika mkono mama yake mbele ya watu, akasema, "Shikamoo mama Erasmo, samahani, tuna safari," akamrudisha garini kama mwanafunzi mtoro.

Wakaendelea kupanda. Mabonde yakawa yanafunguka chini yao, mashamba ya ngolo, yale ya mashimo, yamechimbwa visanduku visanduku ubavuni mwa milima, moshi wa asubuhi umelala chini. Pazuri, lakini Osmund hakupaona. Alikuwa anapigia hesabu mvua.

Wakiwa wamebakiza mlima mmoja tu, mama akasema, "Simama."

"Kuna nini tena?"

"Simama tu, mwanangu."

Akashuka, akatembea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama anatazama bondeni. Hakuchuma kitu. Hakumwita mtu. Alisimama tu, ameshika ncha za kitenge chake kwa mikono miwili.

"Anafanya nini?" Osmund akamwuliza mkewe.

"Nadhani anaogopa, Baba Yustina."

"Anaogopa nini? Kona?"

"Sijui. Ila tangu asubuhi anaifunga rozari kwenye leso, anaifungua, anaifunga tena. Hukuona?"

Osmund hakuona. Alikuwa anatazama saa.

Mama akarudi, akasimama kwenye dirisha la mwanawe, akasema kwa sauti ndogo, "Osmund, turudi nyumbani. Tutakuja siku nyingine."

Wapendwa! Turudi nyumbani! Baada ya matapishi, baada ya jogoo, baada ya mama Erasmo na mguu wake! Osmund akapiga usukani kwa kiganja. "Mama, ni wewe uliyeomba safari hii! Watu wazima na watoto tumeamka usiku kwa ajili yako! Pale, paa lile unaliona, ndiyo monasteri yenyewe. Ingia garini, mama. Tafadhali, ingia."

Mama akaingia.

Walifika sala ya mchana imekwisha. Watawa walikuwa wanatoka kanisani wamepanga mstari, kila mmoja anakwenda zake kimya kimya. Bruda wa wageni akawalaki. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," wakajibu.

"Karibuni sana. Mtanawa mikono, mtakula kwanza, halafu..."

"Bruda, tunashukuru," Osmund akamkatiza, "ila tuna haraka kidogo. Tunamtafuta Bruda Severini."

Yule bruda akamtazama Mama Teofrida. Akatabasamu. "Ndiwe dada yake? Amekuwa akikuulizia kila gari linapoingia. Lakini kuleni kwanza, naye anakula."

Wakala, na chakula kilikuwa kizuri. Baada ya hapo wakapelekwa nyuma, kwenye karakana ya useremala. Mlangoni alisimama mzee mwembamba, maranda ya mbao yamemjaa kwenye nywele. Yeye na Mama Teofrida wakatazamana. Osmund akasubiri wakumbatiane, maana Yustina alishaandaa simu apige picha. Hawakukumbatiana.

"Umezeeka," akasema mama.

"Na wewe, Dada," akasema bruda.

Osmund akamsalimia mjomba wake, watoto wakaamkia, jogoo akakabidhiwa na kupokewa kwa mikono miwili. Kisha wale wazee wakaketi kwenye benchi nje ya karakana, na wengine wakaenda kutembezwa. Wakaona kanisa la mawe. Wakaona ng'ombe. Alanus akalambwa mkono na ndama akacheka mpaka akakaa chini. Gaudensia akanunua mshumaa mkubwa wa Krismasi. Kila kilichokuwa kwenye mpango wa Osmund kikatimia, na alipotazama juu akaona wingu jeusi limekalia kilele cha mlima.

Akarudi karakana. Wale wazee walikuwa wameketi vilevile, kati yao nafasi ya mtu mmoja. Mama anatazama mikono yake. Bruda ameokota kipande cha maranda, anakikunja, anakikunjua. Hakuna anayesema.

"Mama, mvua hiyo. Twende."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Akaenda kwenye gari, akangoja. Kidogo hicho kikapita. Kutoka pale alipoegesha, karibu na geti, aliweza kuwaona kwenye benchi lao, wamekaa tu, kama watu wanaosubiri zamu zahanati. Moyoni akasema, "Mungu wangu, nimeendesha milima yote hii ili wakae kimya? Si wangeweza kukaa kimya kila mtu kwake?" Alanus akaanza kulia kwamba amechoka. Upepo ukaanza kuvuma. Akamtuma Yustina.

Yustina akarudi mbio. "Baba, bibi anasema tumngoje. Na ana machozi."

"Mwite tena."

"Baba, mimi siendi tena."

Hapo Osmund akafanya alichofanya. Akaingiza mkono dirishani, akaikandamiza honi. Si kidogo. Aliikandamiza kwa kiganja kizima, ikalia uani pale, mahali ambapo hata milango hufungwa taratibu. Njiwa wakaruka juu ya paa. Mtawa aliyekuwa anamwagilia mboga akageuka. Na kule kwenye benchi, Osmund alimwona mjomba wake, aliyekuwa amemwinamia dada yake mdomo wazi, akifunga mdomo. Akaona akisimama. Akaona akijipangusa maranda kwenye suruali na kumnyooshea dada yake mkono ili naye asimame.

Mama akaja. Hakukimbia, hakununa, hakulaumu. Akapanda gari, akafunga mlango.

Wakateremka. Na ile mvua, wapendwa, haikunyesha. Wingu lilisukumwa na upepo likaenda kunyesha kwa watu wengine. Barabara ilikuwa kavu mpaka chini, jua linawaka. Osmund moyo ukatulia, akaanza hata kupiga mluzi. Kero yote ya asubuhi imekwisha, watoto wamelala, na yeye amewahi.

"Mama, mbona kimya? Si umemwona mjomba?"

"Nimemwona."

"Ila ninyi nanyi! Muda wote ule mmekaa tu, hata kuongea hamuongei."

"Tulikuwa tumekaa tu," akasema mama. Gari likapita kona mbili tatu. Kisha akasema, "Alikuwa ameanza."

"Ameanza nini?"

"Kuniambia kwa nini hakuja."

Osmund akapunguza mwendo. Ndipo mama yake, akiwa anatazama mbele, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumweleza yeye wala wadogo zake. Babu yao alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Osmund mwenyewe akiwa bado anabebwa mgongoni, alikuwa analiita jina moja tu: Severini. Mama akatuma mtu apande mlima kwa miguu aseme, "Baba anakuita, njoo upesi." Mtu akaenda, akarudi peke yake. Mzee akafa macho yamekaza mlangoni. Mama akamzika baba yake, akaapa hatakanyaga kwa ndugu yake mpaka ndugu huyo afungue kinywa mwenyewe na kumwambia kwa nini. Na bruda naye hakushuka. Kila Krismasi zilikuja salamu, kila Krismasi zilirudi salamu, basi. Hadi mwaka ule. Mwaka ule bruda alimwambia katekista wa kijijini kwa mama, "Mwambie Dada, akiweza apande huku. Nina neno la kumwambia, na neno lenyewe silitumi kwa mtu."

"Tumekaa pale," akasema mama, "mimi siwezi kuuliza, yeye hawezi kusema. Nikasema moyoni, nisimsukume, atasema. Akachukua kile kipande cha maranda. Akakitupa. Akaniambia, 'Dada, siku ile ulipomtuma yule mtu, mimi nilikuwa...' Honi ikalia."

Gaudensia alikuwa analia kule nyuma, kimya kimya ili asiwaamshe watoto. Osmund akasimamisha gari katikati ya barabara, si pembeni, katikati.

"Turudi," akasema. "Mama, tunarudi sasa hivi."

"Saa hizi wako kanisani, na wakitoka geti linafungwa. Endesha, mwanangu."

Kesho yake walirudi. Safari hii hakuna aliyetazama saa. Mama alibadilisha gauni mara ngapi, Osmund hakujua, maana hakuuliza. Waliposimama, walisimama. Walifika, na Osmund hakwenda kwa mama yake kwanza, alikwenda kwa mjomba wake, akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Mjomba, nisamehe. Jana mimi ndiye niliyepiga honi."

"Ah, honi!" Bruda akacheka, akamwinua. "Kumbe gari lako zima kabisa! Hakuna kosa, mwanangu. Wenye watoto wadogo mna haraka, sisi tunajua."

Najua mnavyonitazama. Mnasubiri niwaambie kwamba usiku ule bruda alifariki. Mmezoea hadithi za hivyo, mtu anachelewa siku moja, akifika anakuta jeneza. Hapana. Bruda Severini alikuwa mzima wa afya. Walikaa kwenye benchi lilelile tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama. Osmund alikaa kwenye gari, mlango wazi, mikono mapajani, hakuthubutu hata kukohoa. Bruda akaongea, tena akaongea sana, kuliko jana. Akasimulia habari za kahawa ya mwaka ule. Akasimulia habari za goti lake, za abate mpya, yule mkuu wao, za ng'ombe aliyezaa mapacha. Alimwonyesha dada yake madawati anayoyatengeneza kwa ajili ya shule ya msingi ya pale chini. Mama akasikiliza yote. Alipoona jua linakwenda, akajikaza, akauliza yeye.

"Severini. Jana ulikuwa unataka kuniambia neno."

Bruda akamtazama. Akatazama chini.

"Neno gani, Dada? Aa. Mambo ya zamani hayo. Hayana maana tena." Akatabasamu, akainuka, akachukua randa yake ya useremala, akaanza kulainisha ubao.

Basi.

Mwalimu Osmund alisamehewa palepale. Neno halikurudi. Kila likizo sasa anampeleka mama yake kule, anamngoja mpaka achoke mwenyewe, na wale wazee wanakaa, wanaongea, wanapendana kabisa. Mama anapika jogoo kwenye jiko la wageni, bruda anakula. Lakini kwa nini Severini hakuja siku ile baba alipokuwa anamwita, Mama Teofrida hajui hadi leo. Huenda alikatazwa. Huenda aliogopa. Huenda alianza safari akageukia njiani. Kwa zaidi ya miaka thelathini mtu alibeba jambo kifuani, akakusanya ujasiri wa kulitoa, na ujasiri huo ulitosha mara moja tu. Na mara hiyo moja, mtu mzuri asiyelewa, mwenye nidhamu, aliyewasomesha wadogo zake, alikuwa anaogopa matope.

Sasa tuseme sisi. Maana Osmund simjui na wala hayupo hapa. Tuliopo ni sisi.

Sisi tumefundishwa kuwahi watu kabla hawajafa. Sawa, ni fundisho zuri. Lakini wangapi wako hai, tunakula nao, na tayari tumewachelewa? Mume anarudi nyumbani, anakaa kitandani, anasema, "Mama watoto, leo kazini..." na mama watoto anasema, "Subiri, kwanza niambie kama umelipia umeme." Mume anasema amelipia. Anazima taa. Lile jambo la kazini umelisikia lini tena? Binti anakuja jikoni, anazunguka zunguka, anashika hiki anaacha hiki, anasema, "Mama, kuna kitu nataka..." unamwambia, "Kama hutaki kusaidia, toka, unanizibia njia." Anatoka. Unafurahi jikoni pana nafasi. Miezi inapita, yanatokea ya kutokea, unakuja ofisini kwangu unalia, "Padri, kwa nini hakuniambia?" Alikuambia! Alikuwa ameanza!

Mnanichosha, ndugu zangu, na najichosha mwenyewe, maana wote tuko hivyo. Tunasafiri mbali kutafuta mahali patakatifu. Tunapanda milima, tunanunua mishumaa, tunapiga picha kanisa la mawe. Na mahali patakatifu kuliko yote siku ile palikuwa ni benchi moja nje ya karakana, nafasi ya mtu mmoja kati ya wazee wawili, na sisi tukaona ni watu wanaotuchelewesha. Mtu anayetafuta namna ya kuanza haonekani kama mtu mwenye jambo. Anaonekana kama kero. Anabadilisha nguo, anasimamisha gari bila sababu, anasema turudi nyumbani, anakaa kimya akikunja kipande cha maranda. Ukitaka kujua kama Mungu yuko kazini hapo, hutaona dalili yoyote. Utaona tu kwamba unacheleweshwa.

Je, nawaambia mwache kuogopa mvua? Hapana, mvua inanyesha kweli. Nawaambia kwamba gari lingekwama, lingekwamuliwa. Wangelala monasteri, wangelishwa, kesho yake wangeshuka. Tope lina dawa.

Leo, au wiki hii, mtu wa nyumbani kwako ataanza kusema. Ataanza vibaya, wakati mbaya, wakati chakula kinapoa, wakati umechoka naye mpaka hapa. Hatakuambia kwamba ndiyo mara yake moja. Mwache amalize.

Sasa hatusimami bado. Tukae kidogo kimya kila mtu moyoni mwake. Na wewe uliyeshika funguo za gari, ziweke chini.